Risasi ya Mtu Usiyemjua

Swali ni hili: mtu anayejilinda ana haki ya kuuchagua ukali wa pigo lake mapema, akiwa ameketi kwake ametulia, wakati yule atakayepigwa bado hajulikani jina wala sura? Vitabu vya dini na vya sheria hukaa sana kwenye ile dakika ya hatari. Jambazi yuko mlangoni, panga liko juu, ufanye nini. Mimi naamini dakika ile huja mwishoni kabisa mwa safari ndefu. Sehemu kubwa ya haki au ya dhambi huwa imekwisha kutendeka kabla yake, siku mtu alipochagua risasi zake na siku alipoufundisha mkono wake kuzipiga.

Aliyenisukuma kulifikiri jambo hili ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ananunua mpunga toka Mchombe na Mngeta hadi Mlimba, na kokoa ya Mbingu inapokuwa na bei. Mkulima wa bonde hili, hasa anayelima mbali na barabara, hutaka kushika fedha kabla gunia halijapanda gari. Kwa hiyo mpwa wangu husafiri na fedha nyingi, na majira ya mavuno Ifakara nzima inalijua hilo. Aliomba bastola, akachunguzwa, akapewa leseni kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ni bastola ya milimita tisa. Jioni moja alikuja kwangu Viwanja Sitini na pakiti ya risasi alizonunua Dar es Salaam, akatoa moja, akanigeuzia kitako chake. Karibu na jina la kiwanda palikuwa na alama ya kujumlisha na herufi P.

"Mjomba, hizi zina msukumo mkubwa kuliko za kawaida. Nataka nizifanyie mazoezi nizizoee, na safarini nibebe hizi hizi."

"Polisi wanajua?"

"Leseni ninayo, na dukani nimenunua kwa kibali. La polisi sikuulizi, mjomba. Nakuuliza kama ni halali mbele ya Mungu."

Aliniuliza mimi kwa sababu hadi kustaafu kwangu nilikuwa askari wa wanyamapori, upande huu wa Kilombero na kule ndani ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Na kabla ya kushika bunduki nilisoma seminari ya Kasita, Mahenge. Sikuwa padri, ila nilitoka na mazoea ya kusoma ambayo hayajaniacha.

Kwanza niseme risasi zenyewe ni kitu gani, maana watu huzizungumzia kwa minong'ono. Baruti ikiwaka ndani ya ganda hugeuka gesi, na gesi hiyo iliyobanwa ndiyo inayokisukuma kichwa cha risasi kitoke mtutuni. Risasi ya milimita tisa aliibuni Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya ishirini, na leo ndiyo iliyoenea kuliko zote za bastola duniani. Watengenezaji wa Marekani wameiwekea kikomo cha mgandamizo: pauni 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Zile zenye alama aliyonionyesha mpwa wangu zinaruhusiwa kufika 38,500. Ni nyongeza ya sehemu moja katika kumi, na kasi ya kichwa cha risasi haiongezeki hata kwa kiasi hicho. Bastola, hata hivyo, inaibeba nyongeza yote. Slaidi inarudi kwa kishindo zaidi, springi inachoka mapema, na bastola ambayo mtengenezaji wake hakuiruhusu mizigo hiyo, au iliyozeeka, inaweza kupata nyufa. Mkono nao unarushwa juu zaidi, kwa hiyo shabaha ya pili inachelewa. Usiku, mara nyingi mwali wa mdomo wa mtutu huwa mkubwa zaidi, na mpigaji ndiye wa kwanza kutoona.

Nikamwambia yote hayo, akanisikiliza kwa adabu, lakini niliona hayakumgusa. Alikuja na swali jingine.

Katika kazi yangu, nguvu ya risasi ilikuwa huruma. Nchini kwetu mwindaji wa tembo, nyati au simba haruhusiwi kutumia bunduki ya kipenyo kilicho chini ya 375, yaani inchi 0.375. Anayeishi mjini anaweza kudhani kanuni hiyo iliwekwa kwa faida ya mwindaji tu. Aliyefuata nyati mwenye jeraha kwenye matete ya mto Kilombero anajua zaidi. Mtu wa kijijini humpiga nyati kwa gobore, lile la kuchongwa na mhunzi, linaloshindiliwa baruti na vipande vya nondo. Chuma kinaingia kwenye nyama ya bega na kukaa humo. Nyati hafi. Anaingia matetani, jeraha linaoza, nzi wanamjaa, na maumivu yale yanakuwa akili yake yote. Siku kadhaa baadaye anapita mama anayekwenda kukata ukindu, au Mndamba anayevuta mtumbwi wake kwenda kutega migono, na hao hawajui habari yoyote ya gobore. Sisi ndio tuliokuwa tukiitwa. Tuliingia mle polepole, upepo usoni, na bunduki za 458 mikononi, na kila mmoja wetu alitaka bunduki yake iwe na nguvu yote ambayo kiwanda kiliweza kuitia.

Wazee waliotufundisha hawakuiamini 458 ya mwanzo. Ilipotoka mwaka 1956, ganda lake lilikuwa fupi kuliko kazi iliyopewa, baruti ikashindiliwa mno, na ikikaa muda mrefu iligandana, risasi ikatoka legevu. Mbele ya tembo, risasi legevu ni ukatili kwake na kifo kwako. Kwa hiyo asinisome mtu akadhani naogopa nguvu. Nimeishi kwa nguvu hiyo, na wanyama wengi waliteseka muda mfupi zaidi kwa sababu yake.

Lakini angalia jinsi sheria zetu zilivyowatenga mnyama na mtu. Kwa nyati, sheria inakuwekea kima cha chini: usije na nguvu pungufu ya hii. Kwa binadamu anayekushambulia, inakuwekea kima cha juu: usizidishe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18B, inampa anayejilinda ruhusa ya kutumia nguvu ya kadiri, ile ambayo kujilinda kwenyewe kunaidai. Akiua kwa kuzidisha, anashitakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mpwa wangu alikuwa ameileta kanuni ya nyati akitaka kuivalisha mtu. Nami najua aliitoa wapi. Aliitoa kwangu, kwenye hadithi nilizomsimulia akiwa mtoto.

Kwa nini kanuni mbili? Kwa mnyama tuliyeamua kumuua, deni letu ni kifo cha haraka. Kifo chake ndicho tulichokifuata. Kwa mtu anayekushambulia, wewe hukukifuata kifo chake. Unachotaka kwake ni aache. Akiacha kwa neno, umepata ulichotaka. Akikimbia, umepata chote.

Hili nililisoma kwanza kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake cha Summa, pale anapouliza kama ni halali mtu kuua akijitetea. Anasema tendo moja laweza kuzaa matokeo mawili, uhai wangu kuokoka na mwenzangu kufa. Nikikusudia la kwanza tu, la pili halihesabiwi kuwa shabaha yangu. Anaongeza kwamba hata tendo lililoanza kwa nia njema huharibika likitumia nguvu zaidi ya inayohitajika. Pia anasema, na lazima niliseme kwa kuwa linamsaidia mpwa wangu, kwamba mtu hadaiwi kuacha kujitetea kwa kadiri ili tu asimuue mwingine, maana kila mmoja amepewa kuutunza uhai wake kabla ya uhai wa mwenzake.

Kwa mara ya pili nililisikia porini. Mwenzangu wa kikosi alikuwa mtu wa Rufiji, aliyesoma kwa masheikh kabla ya kuvaa kaki. Mwezi wa Ramadhani kambini, baada ya futari, alizoea kutueleza yaliyomo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho Mashafii wa pwani yetu wamekifundisha vizazi kwa vizazi. Mle mna mlango mzima juu ya mshambuliaji. Anazuiwa kwa jambo jepesi kwanza. Ikiwa maneno yanatosha, au kupiga yowe la kuomba msaada, kumpiga ni haramu. Mkono ukitosha, kiboko ni haramu. Kiboko kikitosha, fimbo ni haramu. Kumkata kiungo kukitosha, kumuua ni haramu. Na ukiweza kukimbia ukasalimika, inakupasa ukimbie. Tomaso alifariki mwaka 1274, Nawawi mwaka 1277. Mmoja aliishi Italia na Paris, mwingine Damascus. Sidhani walisikiana hata majina, na kila ninapowaweka pamoja moyo wangu unatetemeka kwa shukrani.

Mrufiji yule alipomaliza, mkubwa wetu wa kambi alisema, "Hiyo si ndiyo kazi yetu ya tembo?" Kweli ndiyo. Tembo wakishuka kutoka Udzungwa na kuingia mpunga wa Mang'ula, mtu haanzi na bunduki. Wanakijiji wanaanza na madebe na moto. Wengine wana kamba zilizofungwa vitambaa vilivyolowekwa oili chafu na pilipili. Wengine wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya nyuki wanatoka, na tembo anawaogopa nyuki. Baadaye ni tochi kali na fataki. Baadaye risasi ya hewani. Kumpiga tembo mwenyewe kulikuja mwisho, baada ya kuandikiana karatasi na kujibizana. Tembo ambaye usiku mmoja anaweza kumaliza chakula cha mwaka cha familia alitendewa kwa subira ya namna hiyo, na serikali ikalipa mishahara ya watu wa kumfanyia subira hiyo. Kijana mwenye panga barabara ya Mlimba hawezi kustahili pungufu ya hapo.

Mpwa wangu akanijibu, na jibu lake halikuwa la kipuuzi.

"Mjomba, nikifika hatua ya kupiga, ngazi zote zimeisha. Hapo risasi kali si bora? Nimpige moja aanguke, kuliko kumpiga nyonge tano na bado ananijia."

Hoja hii nimeibeba kwa wiki nyingi, kwa kuwa ni hoja ya nyati na ina ukweli ndani yake. Wamarekani waliibeba kwa miaka karibu thelathini. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, wapelelezi wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Mmoja wa majambazi alipigwa mapema risasi ya milimita tisa iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kufika moyoni. Lilikuwa jeraha la kumuua, lakini halikumuua upesi. Akaendelea kupiga, na wapelelezi wawili wakafa. FBI wakaamua risasi yao ilikuwa dhaifu. Wakaenda kwenye bastola ya milimita kumi, wakakuta inawasumbua wapigaji wao kwa mrusho wake, wakahamia ya inchi 0.40, iliyotoka mwaka 1990. Na mwaka 2014 wakaeleza kwa maandishi kwa nini wanarudi kwenye milimita tisa: vichwa vya risasi vimeboreshwa, tofauti ya majeraha haionekani, na wapigaji wao wanalenga vizuri na haraka zaidi kwa risasi isiyowarusha mkono. Ndivyo walivyoambiana watu wenye fedha zote za kujaribu. Kinachomsimamisha mtu ni mahali alipopigwa, na mahali alipopigwa panategemea mkono uliotulia.

Ninachokiona hapa ni hiki. Nyongeza ile ya sehemu moja katika kumi inamletea anayejilinda faida ndogo, na gharama yake wanabebeshwa watu ambao hawamo katika ugomvi. Fikiria nyumba zetu. Mjini Ifakara kuna matofali ya kuchoma, lakini toka Mbingu hadi Mlimba, na kwenye vibanda vya mashambani ambako familia huhamia msimu wa mpunga, ukuta ni fito na udongo, pengine mabingobingo tu. Kichwa cha risasi kilichofunikwa shaba yote, ambacho ndicho kinachopatikana zaidi kwetu, kinapita mwilini kikatoka upande wa pili, kikapita ukuta huo, na nyuma ya ukuta kuna watoto wamelala mstari mmoja mkekani. Polisi wa nchi nyingi za nje hutumia vichwa vinavyopanuka mwilini ili visitoke, na hilo nalo lina historia chungu, kwa sababu mataifa yalivikataza vichwa hivyo vitani kule The Hague mwaka 1899, baada ya Waingereza kuvitengeneza katika kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta, na dunia ikaona majeraha yake. Kwamba kitu kilichokatazwa kwa adui wa vita kimeruhusiwa kwa mwizi wa mtaani, kwa hoja ya kumlinda mpita njia, ni jambo ambalo bado linanisumbua na sina pa kuliweka.

Narudi kwenye mazoezi, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka kusimama na kusema kwa sauti.

Aristotle alifundisha kwamba mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Tomaso alilichukua fundisho hilo zima zima. Basi mazoezi ya silaha yana uzito wa kiroho kuliko watu wanavyofikiri. Hayamwandai mtu kwa tendo la baadaye tu. Yanamfanya awe mtu wa namna fulani leo, hata kama jambazi hatakuja kamwe. Mpwa wangu alikuwa na haki katika jambo moja, na nilimsifu kwalo: alikataa kufanya mazoezi kwa risasi laini za bei nafuu kisha abebe kali safarini. Wako wanaofanya hivyo, na mikono yao imefunzwa kitu kimoja huku itadaiwa kingine. Yeye alitaka ukweli kati ya uwanja wa shabaha na barabara. Lakini ukweli huo unapatikana pia kwa njia ya pili, nyepesi zaidi, ya kubeba zile zile za kawaida ulizofanyia mazoezi.

Nimewafundisha vijana wengi kupiga. Mpe mwanafunzi risasi kali mno kwa mkono wake, na baada ya muda utaona kope zinafumba kabla ya mlio na kiganja kinaubana mpini kwa hofu. Anaanza kuiogopa silaha yake mwenyewe, na mtu anayeogopa silaha yake hupiga mapema ili jambo liishe. Hapo ndipo nguvu inapogeuka kuwa haraka. Ngazi ya Nawawi inahitaji muda, japo nusu ya pumzi: muda wa kusema neno, wa kuona kama yule mtu amegeuka, wa kuona kama mkononi mwake mna panga au simu. Kila kinachompa mpigaji utulivu kinampa mwenzake nafasi ya kuishi, na kila kinachomharakisha kinamnyang'anya mwenzake nafasi hiyo.

Tena kuna lile ambalo mazoezi mengi hayana kabisa. Mtu anasimama mbele ya karatasi yenye umbo la mwanadamu, anapiga, anajaza tena, anapiga. Hafanyi zoezi la kutoa bastola na kuirudisha bila kupiga. Hafanyi zoezi la kupaza sauti. Hafanyi zoezi la kurudi nyuma na kuacha mkoba wa fedha chini. Mkono wake unajua jibu moja tu, nasi tunajua kwamba katika hofu mkono hutoa jibu unalolijua. Mtu huyo anaweza kuwa mwema sana, anasali, anatoa sadaka, na bado amejifundisha kuua kama njia yake ya kwanza.

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, Musa anapewa sheria kuhusu mwizi anayevunja nyumba. Akipigwa usiku akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, anayo. Mara nyingi nimeisoma sheria hiyo kama jambo la saa, kumbe ni jambo la kuona. Gizani hujui amekuja kwa nini, yuko peke yake au na wenzake, ana silaha au hana. Mchana unajua, na kujua kunakufunga. Bonde letu lina mchana mwingi ambao watu wanautendea kama usiku. Mfugaji aliyeingiza ng'ombe kwenye mpunga wako amekukosea, pengine sana, lakini unamwona, ni mtu mwenye fimbo na njaa ya malisho. Tumeishi miaka ya uchungu hapa kati ya wakulima na wafugaji, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuondoa mifugo bondeni. Nilichokiona katika miaka ile ni jinsi hofu inavyoifanya fimbo ionekane mkuki. Anayetembea na silaha ya moto iliyojazwa risasi za siku mbaya kabisa huanza kuziona siku zote kuwa mbaya kabisa.

Na Mahenge, nilikosomea, kuna kumbukumbu ya siku ambayo nguvu haikuwa na kipimo. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa Majimaji walilishambulia boma la Wajerumani pale kilimani. Walikuwa wamepewa maji, wakaamini risasi hazitawapenya. Kinjikitile Ngwale, aliyeyatoa maji hayo kule Ngarambe, alikuwa amekwisha kunyongwa mwanzoni mwa mwezi ule ule. Bombomu za boma ziliwakata kama walivyokuja. Kwa kawaida hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya maji. Mimi hulifikiria boma. Waliokuwa ndani walisema wanajilinda, na asubuhi ile hakuna anayeweza kukana kwamba walikuwa wanashambuliwa. Lakini kujilinda kwao hakukuisha mashambulizi yalipoisha. Kuliendelea kwa miezi, kukawa kuchoma maghala na kuharibu mashamba, hadi njaa ikamaliza watu kuliko bombomu. Aliye na nguvu inayozidi haja hupata tabu kutambua haja ilipokoma. Hilo ndilo ninalomwogopea mpwa wangu katika jambo lake dogo, gari moja na bastola moja, kuliko ninavyomwogopea majambazi.

Yuko mmoja anayewapinga wote niliowataja. Mtakatifu Agostino, katika barua yake kwa Publikola, hakubali mtu wa kawaida amuue mwingine ili asiuawe yeye. Askari sawa, mwenye dhamana ya umma sawa, kwa ajili ya wengine. Kwa ajili yako mwenyewe, hapana. Sina ujasiri wa kumfuata hadi huko, lakini nataka awepo chumbani tunapozungumza, kwa sababu bila yeye mazungumzo juu ya nguvu ya kadiri hugeuka upesi kuwa mazungumzo juu ya vipimo vya baruti.

Mpwa wangu na mimi tulikubaliana baadhi ya mambo. Risasi zile amezikabidhi polisi kwa utaratibu, na anabeba za kawaida, ambazo ndizo anazofanyia mazoezi. Sehemu kubwa ya malipo sasa anaituma kwa simu au kupitia benki. Wakulima wa Mngeta walinung'unika mwanzoni kwa sababu ya makato, akakubali makato yawe juu yake, na mkoba wake umekuwa mwepesi. Huko ndiko kukimbia anakokutaja Nawawi, na ni ngazi ambayo aliiruka alipoanza na bastola. Uwanjani, nikiwa naye, anaanza na sauti: "Simama! Rudi nyuma!" Anaona haya mbele ya wenzake, lakini anafanya. Kisha anatoa, anaangalia, anarudisha.

Hatukukubaliana yote. Aliniuliza, "Na kama ya kawaida isipomsimamisha, mjomba?" Nilimjibu kwamba inawezekana basi akafa yeye, na kwamba hakuna risasi inayoliondoa jambo hilo duniani, yenye alama au isiyo na alama. Hakulipenda jibu. Akauliza kama huyo Agostino wangu alikuwa na watoto wa kulisha. Nikamwambia alikuwa na mwana mmoja, Adeodatus, aliyefariki akiwa kijana. Akafikiri kidogo, akasema kwa Tomaso anaweza kwenda, kwa Agostino hawezi. Nikamwambia Kanisa lenyewe, katika Katekisimu yake, kwenye jambo hili limekwenda na Tomaso.